Kuoshwa Nikiwa Hai

Nimechoka kuambiwa nisiogope kufa. Ameniambia mume wangu, akiwa ameegemea mto na rimoti mkononi. Ameniambia daktari aliyenipima moyo kwa mashine yenye nyaya nyingi, akakuta hauna kasoro, akaonekana kama mtu aliyepotezewa muda. Ameniambia ndugu yangu wa Mariakani kwa simu, huku malori yakinguruma nyuma yake. Ameniambia shangazi, aliyeniletea kombe, maji ya dua yaliyoandikwa kwa zafarani, ndani ya chupa ya soda, akanisimamia mpaka nikalimaliza. Wote waliniambia kwa wema, na wote waliniacha pale pale waliponikuta. Anayeogopa mbwa huambiwa apite njia nyingine. Mimi njia nyingine sina.

Sikuzaliwa na hofu hii. Ilinianza nikiwa na miaka arubaini na moja, asubuhi moja isiyo na habari, nimesimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa ninakofanya kazi hapa Malindi. Nilikuwa nikimweleza mzee mmoja namna ya kumeza vidonge vyake, kimoja asubuhi na kimoja jioni, ghafla nikafahamu kwamba nitakufa. Sisemi nilijua, kujua nilijua tangu utotoni, kama ninavyojua kwamba kuna theluji mahali fulani duniani. Siku hiyo theluji ilinishukia mabegani. Nikamwambia mzee wa watu ameze vyote asubuhi. Bahati nzuri alikuwa na akili zake, akaniuliza mara ya pili.

Tangu hapo nimekuwa kero kwa kila mtu, nikianza na nafsi yangu. Dukani tulikuwa na mashine ya presha kwa ajili ya wateja. Nilijipima nikifika, nikajipima kabla ya chai, nikajipima baada ya chai, na nikiona imepanda kwa sababu ya kujipima, nikajipima tena kuhakikisha. Mwenye duka, mtu mpole kutoka bara, mwishowe aliipandisha rafu ya juu kabisa, nyuma ya nepi. "Dada, hii ni ya customer," akaniambia. "Wewe ndio unamaliza betri."

Nyumbani hali ilikuwa hiyo hiyo. Kipaza sauti cha msikiti kikikwaruza wakati usio wa adhana, mtaa mzima hujua kuna tanzia. Watu hunyamaza, husikiliza jina la marehemu, huuliza maziko yatakuwa baada ya sala gani, kisha hurudi kwenye shughuli zao. Mimi hubaki nimesimama na sahani mkononi, hata nikiwa simjui aliyetajwa. Mara moja fundi alikuwa akijaribu tu nyaya, akakohoa, "moja, mbili," nami nilikuwa nimeshakaa chini sakafuni. Mume wangu alicheka mpaka akatoka machozi. Sikumsamehe kwa siku tatu.

Na la kuudhi zaidi, mimi ni binti wa mwosha maiti. Mama yangu ameosha wanawake wa mtaa wetu wa Shella, hapa Malindi, kwa zaidi ya miaka arubaini: mabibi vizee, mabinti, wazazi waliofia uzazini, hata yule jirani yetu aliyekuwa hamjibu salamu. Mkoba wake wa kazi ulining'inia nyuma ya mlango wa jikoni pamoja na kikapu cha sokoni, ndani yake glavu, pamba, mkasi, udi, na karafuu maiti iliyofungwa kwenye kitambaa. Mtu akija kupiga hodi huku analia, Mama alimpa pole, kisha akauliza jambo moja tu, "Mnene au mwembamba?" apate kujua aende na wasaidizi wangapi, akajitanda buibui lake akatoka. Akirudi alikoga, akasali, akakanda unga wa chapati. Nami nilikaa mbele ya chapati zile nikinusa karafuu maiti ambayo haikuwepo.

"Kula," aliniambia. "Mikono hii imeoshwa kuliko yako."

Watu walimtania kwamba mwosha huoshwa. Naye alikuwa na jibu lake tayari: "Na kinyozi hajinyoi, ndiyo maana nikazaa binti." Wote wakacheka. Mimi nilikuwa yule binti, na sikuona cha kuchekesha.

Miaka miwili iliyopita Mama aliingia dukani kwetu akitoka kliniki ya moyo huko Kilifi, akaweka karatasi ya daktari juu ya kaunta kama mteja mwingine yeyote. Kazi yangu imenifunza kuzisoma karatasi hizo. Mgonjwa huambiwa moyo wake umechoka kidogo. Muuza dawa huambiwa yote. Nikasoma dawa ya kwanza, nikasoma ya pili, na nilipofika ya tatu, ile ya kutoa maji mwilini, herufi zikaanza kucheza.

"Umeona?" akaniuliza.

"Nimeona."

"Haya. Basi siku ikifika, utaniosha wewe."

"Mama, kuna wateja."

"Wateja nao watakufa."

Mwanamke aliyekuwa akingoja dawa ya mafua aliaga, akaenda zake bila dawa.

Lazima nieleze kwamba Mama hakuwa akiomba jambo la ajabu. Kwetu mwanamke huoshwa na wanawake, na mwenye haki ya kwanza ni aliye karibu naye kwa damu. Mimi ndiye binti peke yake. Ndugu zangu wawili ni wanaume, kazi yao ni kubeba na kushuka kaburini. Wanawake waliofunzwa na Mama wapo, na wangemwosha kwa heshima zote, lakini hakuwataka. "Mimi nimewaona watu wa mji huu," aliniambia. "Nimeona makovu ambayo waume zao hawayajui, na sijafungua mdomo. Sitaki mtu baki anione. Aliyetoka tumboni mwangu hana jipya la kuona."

Nilikataa. Nilikataa kwa upole, nikakataa kwa visingizio, nikakataa kwa kununa. Kila nilipojaribu kujiona nimesimama pale na kopo la maji, nilimwona Mama amelala, nikauona ule mdomo ambao haunijibu. Nikamwambia siwezi. Akaniambia hakuna asiyeweza. Nikamwambia mimi ndiye huyo asiyeweza. Hapo ndipo alipotoa lile neno lililonichoma kuliko yote: "Imani yako ndogo, mwanangu. Mimi sijui umeipata wapi hofu hii. Kwangu hukuipata."

Nililibeba neno hilo miezi mizima. Nilimpigia ndugu yangu wa Mariakani nikidhani atanionea huruma. "Si uoshe tu?" akasema. "Ni maji na sabuni." Nikamuuliza kama anakumbuka kwamba alipokuwa kijana alizimia kwa kumwona kuku akichinjwa. Akasema mtandao unakatika.

Nikajaribu tiba za watu wazima. Nilisoma kwenye simu kwamba mtu avute pumzi akihesabu hadi nne, aishike, aitoe akihesabu hadi nne. Ilinisaidia, mpaka siku moja nilipojiuliza pumzi zenyewe zimebaki ngapi. Nikaenda kwa mshauri wa kliniki, binti mdogo mwenye sauti nzuri, akaniambia niandike ninachokiogopa kisha nikitazame. Nikaandika "kufa". Nikalitazama. Sikuona ni vipi kulitazama kungelipunguza.

Mfanyakazi mwenzangu dukani ni Mkristo kutoka bara, na siku moja tulipokosa wateja nilimwambia kisa chote. Nilimwonea wivu, nikamwambia hivyo. Kwao, kama nilivyoelewa, maiti huenda mochari akarudi amevaa suti, watu wakamwona uso kupitia kidirisha cha jeneza, basi.

"Ni kweli, sisi hatushikangi," akanijibu, akipanga dawa za kikohozi. "Baba yangu niliona kwa hicho kidirisha, tena kulikuwa na line, wakaniambia nisonge wengine waone. Mpaka wa leo naulizanga kama ni yeye tulizika."

Akaendelea kupanga dawa zake. Nami nikakasirika, sijui kwa nini hasa. Nadhani nilitaka mtu mmoja duniani anieleze njia iliyo nyepesi, na hata yeye hakuwa nayo.

Basi mwaka jana, wiki chache kabla ya Ramadhani, Mama alinipigia simu siku ya Jumamosi. "Njoo unipeleke madrasa ya kina mama. Goti linaniuma." Nikamchukua kwa tuktuk, nikamshika mkono mpaka ndani, na nilipotaka kuondoka akaniambia nikae kidogo, kidogo tu. Nilipotupa macho nikaona katikati ya chumba kimewekwa kitanda cha kuoshea maiti, kile chenyewe cha msikitini, na kandoni ndoo, makopo, na jora la bafta jeupe la kushonea sanda. Wanawake kama ishirini walikuwa wamekaa mkekani na madaftari. Ilikuwa darsa ya kuosha na kukafini, yaani kuvisha sanda. Waosha wa zamani wanazeeka, na ustadha, mwalimu wa pale, alikuwa amemwomba Mama awafunze vijana.

Nilimtazama Mama. Naye akatazama dari.

Kwenye darsa kama hiyo huwa hakuna maiti. Hutafutwa mtu mzima, mwenye afya yake, akalala kitandani na nguo zake, akafanyiwa kila kitu kwa makopo matupu ili wengine wajifunze mpangilio. Ustadha akauliza nani atalala. Hapo ndipo utakapojua kwamba waoga si mimi peke yangu. Mmoja alikuwa mjamzito. Mmoja mgongo unamuuma. Mmoja mumewe hajampa ruhusa, na alipoulizwa ruhusa ya nini, hakuweza kusema. Mmoja akasema wazi kwamba ni kujichulia, kujiitia kifo. Wote wakainamisha nyuso kwenye madaftari yao kama watoto ambao hawajafanya hesabu.

"Binti yangu atalala," Mama akasema.

Ningekuwa nyumbani ningepiga kelele. Lakini mbele za watu, mama yako akishasema, umeshasema wewe. Nikavua viatu, nikapanda. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba kwa dakika ya kwanza sikukumbuka hata kuogopa. Kisha mgongo wangu ukagusa bati la kitanda kile, baridi ikapita kwenye buibui na dera ikanifikia ngozi, nikawafikiria wote waliolala hapo kabla yangu, wote wasioinuka. Nikahesabu hadi nne. Nikaukodolea macho upanga mmoja wa feni uliokuwa na utando wa buibui, nikajiambia kwamba maadamu nauona utando, niko hai.

Mama alisimama upande wangu wa kulia, akaanza. Sauti yake haikuwa ile ya nyumbani ya kuulizia chumvi. "Maiti ana haya," akawaambia. "Msimfunue. Mfunikeni kutoka kitovuni mpaka magotini, na mikono yenu ipite chini ya kitambaa. Msimgeuze kwa pupa. Msimwachie kichwa kikagonga. Mkiona jambo jema kwake, semeni. Mkiona baya, mfe nalo." Akaniinua kichwa, akaweka kiganja chake nyuma ya shingo yangu. Sikumbuki mara ya mwisho alinishika hivyo. Akanikandamiza tumbo polepole, kuwaonyesha namna ya kulisafisha, na mimi, Mungu anisamehe, nikatekenyeka na karibu nicheke.

Kisha akafika kwenye udhu wa maiti. Huanzwa kwa upande wa kulia. Nalijua hilo tangu sijaanza shule. Nimemsikia akiwafunza watu sebuleni kwetu mara zisizo na idadi. Mama akalichukua kopo tupu, akauinua mkono wangu wa kushoto.

"Wa kulia, Mama," nikanong'ona.

Chumba kikalipuka. "Maiti kamkosoa mwosha!" mmoja akasema, na wakacheka vile watu wanavyocheka wakiwa wamebanwa na hofu. Ustadha naye alicheka. Mama akaniwekea mkono chini, akasema, "Haya, kulia," akazunguka kidogo, akainama, akaushika tena ule ule wa kushoto. Safari hii hakuna aliyecheka. Nikageuza macho kumtazama. Mwanamke aliyeosha mji mzima bila kukosea alikuwa ameushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, na kopo lilikuwa limeanguka, naye hakulisikia.

"Ustadha, endelea wewe," akasema. Akatoka nje.

Mimi nilibaki. Naona aibu kuandika kwamba nilibaki, lakini nilikuwa nimelala mbele ya wanawake ishirini na sikujua maiti huaga vipi. Ustadha akaendelea pale Mama alipoachia. Akanifunga shuka ya kwanza kiunoni, akanivisha kanzu ya sanda, akanifunika kichwa kwa mtandio mweupe, akaeleza pamba huwekwa wapi, akaniwekea kipande kipajini kwa mfano tu. Alipokuwa akinyoosha bafta la mwisho nikashindwa. Nikainuka, nikashuka, nikatoka mbio kumfuata Mama na sanda yangu yote mwilini.

Ilikuwa saa tano mchana, jua kali. Nje ya lango kulikuwa na mwanamume mtu mzima akisukuma mkokoteni wa madafu. Aliniona natoka nimevaa sanda, pamba imening'inia kipajini, nikamwuliza, "Umemwona Mama?" Akauachia mkokoteni wake, akapiga shahada kwa sauti ya juu, akakimbia. Madafu yalibingirika mpaka mtaroni. Nasikia mpaka leo hapiti barabara ile.

Mama alikuwa amekaa kwenye baraza la nyumba ya jirani, amejiinamia. Aliponisikia akainua uso. Nilitarajia acheke au anikaripie kwa kumtisha muuza madafu wa watu. Alipiga ukelele. Sijawahi kumsikia Mama akipiga ukelele, si msibani, si kwa nyoka. Akanirukia, mgonjwa yule wa moyo, akaishika ile sanda akaivuta. "Itoe! Itoe hiyo!" Mtandio ukang'oka pamoja na hijabu yangu, kanzu ikapasuka, nami nikabaki nimesimama barabarani kichwa wazi, nikimwambia, "Mama, ni mimi. Mama, niko mzima."

Tulikaa barazani tukihema sote wawili. Nilimpima mapigo ya moyo kwa kidole, kwa mazoea ya kazi. Akauchomoa mkono wake.

"Nilijua siku moja nitakuambia," akasema. "Yule dada yako."

Dada yangu nilimjua kwa kusikia tu: mtoto wa kwanza wa Mama, aliyefariki akiwa na miezi saba, kabla sijazaliwa. Hakuwa akizungumzwa nyumbani, wala hatukuuliza.

"Alipokufa wakaniita. Wakaniambia njoo, mama mtu, wewe shika kopo tu, sisi tutafanya. Nikajifungia chooni. Walinigongea, mama yangu mzazi alinigongea, nami nikawa namwaga maji sakafuni kopo baada ya kopo ili nisiwasikie. Nilitoka walipokwisha kumbeba. Mpaka leo sijui alioshwa na nani. Nimewaosha watoto wa watu wote. Wangu sikumgusa."

Alisema hivyo hivyo, akitazama barabara. Miezi sita baada ya kifo kile alikwenda kwa mwosha wa mtaa akamwambia amfunze.

Najua mtu mwema angemkumbatia mama yake hapo. Mimi nilikasirika. Nilikasirika kuliko nilivyowahi kukasirika naye maishani.

"Miaka yote hii!" nikamwambia. "Miaka yote hii unaniambia imani yangu ndogo. Unaniambia kwako sikuipata. Nimekunywa kombe, Mama. Nimelipia watu wanifunze kuvuta pumzi. Nimejiona mimi ndiye mwoga peke yangu katika ukoo mzima, na wewe ulijifungia chooni?"

"Usinipazie sauti. Mimi mamako."

"Na imani yako siku ile ilikuwa kubwa?"

Neno lile lilikuwa baya, na nililijua ni baya lilipokuwa bado mdomoni. Mama aliokota vipande vya sanda, akavikunja kimoja kimoja juu ya mapaja yake kama nguo zilizotoka kwenye kamba.

"Haikuwepo kabisa," akasema baadaye. "Ndiyo maana nakuambia uje unioshe. Unadhani nahangaikia mwili wangu? Mwili wangu utaoshwa tu, wapo wengi. Ni wewe. Sitaki ubaki nje ya mlango halafu ukae na hilo miaka arubaini. Mimi nalijua linavyokaa."

Ustadha alikuwa amefika langoni akituita, tukarudi ndani, nikaomba radhi kwa sanda iliyopasuka. Darsa ikaendelea kwa mto uliolazwa mahali pangu.

Ningependa kusema kwamba hofu ilinitoka siku ile. Watu wakiniona nimetulia huniambia, "Umeona? Ulikuwa ukijisumbua bure," na nikisikia hivyo natamani kuwapiga. Haikunitoka. Kipaza sauti kikikwaruza bado nabaki na sahani mkononi, na ile mashine ya presha nimeshajua ilipo. Kilichobadilika ni kimoja. Zamani nilidhani kuna watu wa aina mbili, wanaoogopa na wasioogopa, na nilipoteza nguvu nyingi kujaribu kuhama upande. Sasa naona upande wa pili hauna watu. Sijui kwa nini jambo hilo hunipa nafuu, na nafuu yenyewe si kubwa.

Mwaka huu moyo wa Mama umezidi. Miguu inavimba, na akiinua mikono kupita mabega pumzi inamwishia, kwa hiyo hawezi tena kukoga mwenyewe. Alikataa kuogeshwa na mtumishi. Basi kila alasiri nikitoka dukani napita kwake. Nachemsha maji, nachanganya, namkalisha kwenye kiti cha plastiki bafuni, namwogesha. Mara za kwanza tulikuwa tukigombana. Sabuni nyingi, sabuni kidogo, unanisugua kama sufuria, umesahau nyuma ya masikio. Nami nilikuwa namjibu. Ilinichukua wiki kadhaa kutambua kwamba nimeshaujua mwili wake: bega moja lililo chini ya jingine, kovu la moto kwenye paja ambalo hakuwahi kunisimulia na sikuuliza, ngozi ya tumbo iliyolegea, ambamo tulikaa sote wanne.

Wiki iliyopita nilikuwa namsuuza kichwa. Alikuwa amefumba macho, povu linamtiririka usoni, ameshika kingo za kiti kwa mikono miwili. Maji yalikuwa yamepoa kidogo kwa sababu nilichelewa kwa kupokea simu ya ndugu yangu, akashtuka nilipommwagia. Nikamwomba radhi. Kisha akauliza, bila kufumbua macho, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Siku ile yatakuwa ya vuguvugu, sivyo?"

Mwanamke huyu amewaambia watu kwa miaka arubaini na kitu kwamba maiti hahisi baridi wala moto. Nilitaka kumkumbusha. Nilikuwa na hasira, na sikujua ninamkasirikia nani.

"Nitayapima kwa kiwiko kwanza," nikamwambia. "Sitakumwagia kabla sijayapima."

"Haya," akasema. "Malizia kichwa basi, sabuni inaniingia machoni."